Trekta Isiyopenda Asubuhi

Kiangazi kile, kila nilipopita karibu na trekta ya marehemu baba wakati jua limekolea, nilisikia njaa. Si kwamba nilikuwa sijala. Ningekuwa nimetoka kumaliza bugali na samaki wadogo wa sambaza mpaka nimelegeza kikwembe kiunoni, lakini nikifika tu chini ya mti wa avoka ambako trekta ilikuwa imesimama, mate yananijaa mdomoni na baba ananijia machoni. Namwona ameketi kwenye kiti chake cha mbao, ameshanawa mikono, anasubiri sahani yake. Nilijiambia ni msiba huo. Wengine wakifiwa wanasikia sauti, wengine wanaota. Mimi nilipewa njaa.

Trekta ilikuwa kwenye kiwanja cha mama yangu, Bukavu, mtaa wa Nyalukemba, hatua chache kutoka jiko lake la nje. Ilikuwa mzee kuliko mimi. Rangi yake nyekundu ilishakuwa kama tofali la zamani, na kiti chake kilichukua umbo la makalio ya baba kiasi kwamba mtu mwingine akikikalia anaona kabisa kwamba amekaa mahali pa mtu. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka ziwani, ukameza magurudumu, ukameza moteur, yaani injini, ukaacha usukani na kiti vinaelea peke yao. Mama alikuwa anatoka na mbabula yake, lile jiko dogo la makaa, anapuliza makala, anaweka chupa ya mawese pembeni ili yayeyuke, kisha anasema kuelekea kule kwenye ukungu, kwa sauti ya kawaida tu, "Umelala vizuri?" Sikuwahi kumuuliza anamsalimia nani. Nilijua.

Sasa niseme jambo lililokuwa linatunyima usingizi. Baba alikuwa analima bonde moja upande wa Kabare, ardhi nyeusi, yenye maji chini yake. Halikuwa lake. Mwenye ardhi, mzee wa huko, alimpa zamani kwa maneno mafupi: bonde ni la anayelilima. Baba alipokufa tulikaa msibani, mvua zikaja zikapita, bonde likalala. Mzee alivumilia mwaka huo. Lakini kiangazi kile alimtumia mama salamu, na ndani ya salamu neno: mvua ya kwanza ikikuta nyasi bado zimesimama, atampa mwingine. Hakusema kwa ubaya. Hata mimi, ambaye nakasirika haraka, sikupata pa kumkasirikia.

Kwa mama lile bonde lilikuwa maharagwe ya mwaka mzima, na mahindi. Lakini si hayo tu. Kule wanawake walimwita mwenye bonde, walimngoja ndipo waanze kupanda, walimuuliza kama mbegu ni nzuri. Mjane akinyang'anywa shamba anaanza kuongea polepole hata nyumbani kwake, kama mgeni. Nimewaona. Sikutaka mama yangu aongee polepole.

Kwa jembe la mkono isingewezekana. Nyasi zilifika kiunoni, na kila jirani alikuwa na lake la kulima kabla ya mvua. Ilibaki trekta. Na trekta ilikuwa mgonjwa mahali pamoja tu: relevage. Hivyo ndivyo mafundi wetu wanavyoita ile mikono miwili ya chuma ya nyuma, inayosukumwa na mafuta kunyanyua jembe na kulishusha. Jembe lisiponyanyuka, mwisho wa mstari hugeuki, na barabarani hupiti. Unabaki na trekta nzima, moteur inaunguruma vizuri, haikufai kitu.

Mimi ninauza vipuri vya magari kule mtaa wa Nguba. Wateja wananiita maman bougie, kwa sababu bougie ndiyo inayotoa cheche ndani ya moteur, na mimi wanasema cheche hazinikauki. Basi na iwe hivyo. Mtu akija kuniambia "nipe kile kidude," namuuliza kidude kipi, kwani kwenu hakina jina? Kwa hiyo relevage ilipogoma, nilikasirika kama vile imenitukana mbele ya watu. Nikamwita tonton.

Tonton ni mdogo wa baba. Alikuwa amerudi kutoka Luhwindja, ambako alitengeneza pampu za kuvuta maji kwenye mashimo ya dhahabu. Ana kofia ya sufi asiyoivua hata juani, ana maneno mengi, na pua yake ilishakufa kwa moshi wa dizeli, mazutu tunavyoiita. Yeye mwenyewe anasema anaweza kulala na beberu chumba kimoja asijue.

Alikuja asubuhi, ukungu bado uko chini. Akapanda, akawasha. Moteur ikakohoa, ikakamata. Akavuta kile kijiti kidogo kando ya kiti, na sisi sote tukageuka kuangalia jembe. Halikusogea. Chini ya kiti pampu ikaanza kulia, sauti nyembamba, ndefu, ya kuumiza meno.

"Unasikia?" tonton akaniambia. "Pompe ikilia vile, iko na njaa. Haipate mafuta."

"Basi ipe mafuta!"

"Polepole, maman bougie. Nikunywe kwanza chai."

Akanywa chai. Akaenda kusalimia rafiki zake. Aliporudi jua lilikuwa limeshapiga kiwanja mpaka chuma kinachoma mkono. Akawasha tena, akavuta kijiti bila hata kuangalia nyuma, na jembe likapanda. Likapanda taratibu, vizuri, likasimama juu kama mtu aliyeinua mkono kuomba ruhusa. Nikapiga vigelegele. Harufu ya ajabu ilipita, tumbo likanguruma, nikamwona baba tena na sahani yake. Tonton alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakiinua juani.

"Mafuta iko. Tena iko rouge, nyekundu kabisa. Njo ile bazungu banatiaka mu gia ya gari, mu boîte automatique. Kaka yangu alijuaka kuchagua!"

Kesho yake asubuhi jembe halikupanda.

Mama hakushangaa. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni pa jiko, akasema bila kuinua kichwa, "Ye hapendake asubui. Tangu zamani njo vile." Na ni kweli, baba hakuwa mtu wa asubuhi. Alikaa na bilauri yake ya chai akiangalia ziwa, na mpaka ukungu uondoke humwambii neno. Akifika mchana anakuwa mtu mwingine, anaimba, anatania, anabeba gunia begani. Nilicheka. Lakini siku zilivyokwenda, trekta ikikataa asubuhi na kukubali mchana, kicheko kikapungua. Kuna saa nilikaa kwenye jiwe mbele yake, ukungu umetuzunguka, nikaongea nayo. Nilimwambia baba, jamani, mvua inakuja. Amka mapema kidogo, kwa ajili ya maman.

Tonton hakuongea nayo, alipigana nayo. Kwanza alisema ni pampu imechakaa. Halafu akajikuna chini ya kofia, akasema hapana, pampu iliyochakaa inafanya kinyume: mafuta yakiwa baridi ni mazito, inaweza kuyasukuma, yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapenya pembeni, ndipo jembe linaanguka. Hii yetu ilikuwa inakataa baridi na kupenda joto. Akasema basi ni mpira wa silinda. Nikatafuta mpira dukani kwangu mpaka chini ya meza, nikaupata, akaufunga. Tulimaliza mchana, tukajaribu, jembe likapanda, tukapongezana. Asubuhi, kimya. Akafungua ile sehemu inayogawa mafuta, akaisugua kwa petroli, akairudisha. Tulimaliza mchana. Likapanda. Tukapongezana tena, safari hii kwa aibu kidogo. Asubuhi, ile sauti nyembamba ya njaa.

"Tonton, kuna mutu ametuloga?"

"Mulozi anaamukaka usiku," akajibu. "Huyu wetu anafanya kazi asubui. Si mulozi, ni mufonctionnaire wa serikali."

Nilicheka mpaka machozi, lakini nilikuwa naangalia mawingu. Yalishaanza kujikusanya upande wa pili wa ziwa, mchana, yanakaa pale yanatuangalia, kisha yanaondoka. Upepo ulibadilika. Wanawake wa bondeni walipita kuuliza: maman, tuanze kuchagua mbegu? Mama akawaambia muchague. Walipoondoka aliketi na mikono mapajani, na mama yangu hana mazoea ya kuketi na mikono mitupu.

Nikasema basi, kama bwana huyu anafanya kazi mchana, tutamchukua mchana. Tulishuka na trekta jua likiwa juu, jembe limenyanyuliwa vizuri, tonton kwenye usukani, mimi na mama nyuma kwenye pikipiki ya kukodi. Tulipofika bondeni tonton akashusha jembe, akakata mstari wa kwanza. Ee Mungu, ule udongo! Uligeuka mweusi, unang'aa. Mama aliweka mkono mdomoni. Kisha wingu likafunika jua, ule upepo wa bondeni ukaingia, ule unaotoka kwenye majimaji na kupita moja kwa moja mpaka mfupa. Mwisho wa mstari tonton akavuta kijiti. Pampu ikalia. Jembe lilibaki ndani ya ardhi kama limeota mizizi. Tulilinyanyua kwa jeki, tukalifunga kwa mnyororo, tukarudi nyumbani. Mstari mmoja katikati ya nyasi zote zile. Ulionekana kama mtu aliyeanza kuandika kitu akasahau.

Njiani mama alisema tu, "Alisikia baridi."

Nilikuwa na hasira ya kutafuna mawe. Nikamwambia tonton, kesho asubuhi, baridi ikiwa kali, ndipo tunafungua. Si mchana. Kila siku tumeifungua ikiwa imeshapona, na mgonjwa aliyepona anamwonyesha nini daktari? Tonton akaniangalia, akasema hilo neno lina akili, ni ajabu limetoka kwangu.

Asubuhi ilikuwa nyeupe kabisa. Hatukuona hata mti wa avoka tukiwa chini yake. Tonton alilala chali kwenye gunia, akaanza kulegeza boliti za mfuniko chini ya tangi la mafuta ya relevage. Ndani kuna kichujio, wavu mwembamba wa shaba ambao mafuta yanapitia kabla ya kufika kwenye pampu. Niliweka karai. Mfuniko ukatoka. Tulingoja mafuta yamwagike.

Hayakumwagika. Kilitoka kitu kizito, cha rangi ya chungwa, kikaning'inia, kikadondoka ndani ya karai kwa mlio mzito. Pof. Tonton akaingiza vidole akatoa kichujio, na kilikuwa kimefunikwa chote, kimejaa, kama maandazi yaliyozidi siagi. Akakiangalia. Akakisogeza puani, akakumbuka hana pua, akaninyooshea mimi.

Nikanusa. Na ile njaa yote ya kiangazi kizima ikanijia mara moja.

"Ni mawese," nikasema.

Bukavu kila mtu anajua mawese yanaganda asubuhi. Kila jiko lina chupa imelazwa karibu na makala. Nilikuwa nimeiona ya mama kila siku ya Mungu, hapo hapo, na sikuunganisha. Ukiyapasha, ni maji mekundu mazuri. Ukiyaacha kwenye baridi, ni udongo. Trekta haikuwa na kiburi wala mashetani. Ilikuwa imezibwa koo.

Nikawaka. Nilisimama katikati ya ule ukungu nikapiga kelele majirani wote wasikie. Nani amefanya hivi? Nani mwenye roho mbaya ya kutia mafuta ya sombe kwenye trekta ya mtu aliyekufa? Nikataja familia moja moja, hata zile tunazosali nazo. Tonton ananivuta kikwembe, nyamaza, nyamaza. Mimi sinyamazi.

Mama alitoka jikoni, mikono ina majani ya sombe.

"Ni miye," akasema.

Nilifikiri sikusikia vizuri. "Maman?"

"Ni miye njo nilikuwa natia."

Akaja akaketi kwenye lile jiwe langu. Hakulia. Alisema mambo hayo kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Ku opitali papa yako alinishika mukono, akasema: usiache tracteur ikauke mafuta. Nikakuya ku duka yako. Ukaniambia mafuta ya relevage haiko, barabara imefungwa, tungoje. Nikangoja. Sasa mafuta njo inapunguka, na miye nilimuahidia. Mugonjwa haulizwake uji. Unamupatia ile iko mu nyumba."

"Maman, trekta si chungu!"

"Najua si chungu." Akafuta mikono kwenye kikwembe, taratibu, kidole kwa kidole. "Weye unajua namna nilikuwaka napika Dimanche, siku ya Misa. Mbele ya kutia mafuta mu sombe natoa kwanza fungu ya papa yako, ju ye alipendaka mafuta mingi kupita bale bengine. Miaka yote. Alipokufa, nilikuwa nashika chupa, mukono yangu inapima fungu yake. Inapima yenyewe. Nikiangalia, iko mu kopo. Sasa ningeimwanga wapi?"

Tonton alivua kofia. Sijawahi kumwona amevua kofia, kichwa chake kina alama nyeupe ya ukingo wake. Mimi nilipiga magoti kwenye mavumbi yale yenye mafuta, nikaweka kichwa kwenye magoti ya mama, nikalia kilio ambacho sikulia siku ya mazishi. Siku ya mazishi nilikuwa nagombana na watu wa kukodisha viti.

Alinipiga piga mgongoni. "Yamekwisha," akasema. "Semeni sasa tufanye nini. Mawingu haitungoje."

Tonton aliosha kichujio kwa petroli. Alikisugua kwa upole wote alionao, lakini shaba ile ilikuwa na umri wa baba, na ikapasuka mikononi mwake, mpasuko wa kupitisha kidole. Akakaa nacho. Kisha akaongea na mama, si na mimi, na kwa mara ya kwanza hakutania.

"Shemeji, sikia. Mafuta ya kweli haiko mu muji, na kichujio ya hii tracteur haiko, hata ku duka ya binti yako. Kama unataka tracteur ibaki muzima, tuifunge, tungoje barabara. Kama unataka bonde, naitoa kichujio, tunatia mazutu kidogo ili hii mawese ilainike, tunaipasha moto, inalima. Lakini bila kichujio pompe itakula buchafu yote. Italima, kisha itakufa. Na hii pompe, hautapata ingine."

Mama aliangalia trekta. Ukungu ulikuwa unaanza kupanda, kiti kilionekana, kisha usukani, na pale kwenye usukani ile sehemu iliyong'aa kwa mikono ya baba. Nilijua anaona nini. Tukiua ile pampu, tunamzika baba mara ya pili, na safari hii ni yeye mwenyewe aliyeshika sepetu. Nilitaka kusema maman, acha, bonde liende. Kweli nilitaka. Nilifungua mdomo.

"Inapashwa moto namna gani?" akauliza.

Tonton akasema madereva wa malori kule juu kwenye baridi wanawasha moto kidogo chini ya tangi, lakini ni hatari, moto wa kuni unaruka.

"Kuni ya nini?" mama akasema. Akaingia jikoni, akatoka na mbabula yake. Makala yalikuwa yameshakuwa mekundu, bila moshi, bila ulimi wa moto. Akaiweka chini ya tangi, akarudi nyuma, akaangalia, akaisogeza kidogo kushoto. Akaweka kiganja kwenye chuma cha juu, kama anavyogusa mfuniko wa chungu. "Bado," akasema. Tulingoja. Akagusa tena. "Bado." Tonton, fundi wa Luhwindja, alisimama pembeni kama mkwe jikoni. Mama akagusa mara nyingine akasema, "Vuta sasa."

Jembe likapanda asubuhi, ukungu bado uko kwenye miti.

Tulilima bonde kwa mbabula. Nawaambia watu mpaka leo na wanafikiri nawadanganya. Mama alikaa ukingoni mwa shamba na makala yake, na kila trekta ilipoanza kulia ule mlio mwembamba, tonton aliileta kwake, mama akaipasha, akagusa, akasema vuta, ikaenda. Upepo wa majimaji ulivuma utakavyo. Ile harufu ilienea bonde zima, harufu ya sombe ya Dimanche, nzito, tamu, na wanawake wa bondeni waliokuwa wanalima kwa mikono upande wa pili waliinua vichwa. Mmoja akapaza sauti, "Maman, nani anapika?" Mama akajibu, "Ni bwana yangu!" Wakaangua vicheko. Mimi nilicheka na kulia pamoja, sikujali nani ananiona. Udongo ulikuwa unageuka mweusi nyuma ya trekta, mstari kando ya mstari, na kwa muda mrefu, macho nusu wazi kwa ajili ya jua na moshi, sikuona kofia ya tonton pale juu. Niliona mgongo mwingine.

Mawingu yalivuka ziwa jioni ya siku tuliyobakiza kipande cha mwisho. Safari hii hayakurudi. Tonton alikata mstari wa mwisho huku anaangalia juu. Pampu ilikuwa imeshabadilisha sauti tangu mchana, si njaa tena, ni kitu kinachosagana. Alipofika mwisho akavuta kijiti. Jembe likapanda nusu, likasimama, likashuka lenyewe polepole mpaka likagusa ardhi iliyolimwa. Akavuta tena. Hakuna mlio. Hata ule wa kuumiza meno haukuja.

Alizima moteur.

Mama aliinuka kwenye gunia alilokalia. Akatembea juu ya udongo mpya, miguu inazama, akafika, akaweka kiganja kwenye tangi. Lilikuwa bado na joto. Nilimfuata, nilitaka kuwa karibu kama angeanguka. Hakuanguka.

"Alishashiba," akasema.

Matone ya kwanza yalipiga kiti kitupu, yakapiga mfuniko wa mbabula. Mzee mwenye ardhi alikuwa amesimama kwenye njia na fimbo yake. Aliangalia bonde, akamwinamia mama kichwa, akaenda zake nyumbani kabla hajalowa.

Jembe tulilifungua tukaliacha kule. Trekta ilirudi peke yake chini ya mti wa avoka, na bado iko pale. Moteur ni nzima, tonton anaitumia kuvuta trela. Relevage hainyanyui kitu, asubuhi wala mchana.

Dimanche iliyofuata nilikwenda kula kwa mama baada ya Misa. Mvua ilikuwa imenyesha, ukungu uko mpaka mlangoni. Nilimkuta jikoni, sombe inachemka, chupa iko kando ya makala, mawese yameshayeyuka. Akaishika. Nikaona mkono wake ukipima ndani ya kopo, wenyewe, kama alivyosema. Akasimama na lile kopo. Akaangalia kule nje, kwenye usukani unaoelea. Sikusema kitu, na kwangu kutosema kitu ni kazi kubwa. Kisha akageuka, akalimimina lote kwenye chungu.

Kwetu sahani ya kwanza ilikuwa ya baba, sikuzote. Mama alichota, akashika sahani hewani kidogo, akaniwekea mimi mbele. Ilikuwa na mafuta mengi mno. Nikala yote.